Utulivu Unaolaghai

Mke wa askari mmoja wa Jinja aliumwa na jino usiku kucha. Alimeza vidonge viwili vya Panadol, kisha viwili tena, na kulipopambazuka alikuwa amemaliza 24 vya miligramu 500, hali mtu mzima hapaswi kupita 8 kwa siku. Alitapika kidogo, akatulia, akaanza kufunga mizigo aende kwa mamaye Mbale. Shemeji yake, askari polisi, aliyahesabu maganda matupu ya vidonge akamzuia asipande basi.

Utulivu huo hulaghai: ini huharibika kimya kimya, na umanjano wa macho huonekana baada ya siku mbili tatu. Kinga yake ni asetilisisteini, dawa ileile ilainishayo makohozi mazito, yenye harufu ya yai viza. Hulirudishia ini silaha iliyokwisha kwa kupambana na sumu. Ikitolewa ndani ya saa 8 huokoa karibu kila mtu. Ikichelewa husaidia pia, ila si kwa uhakika ule.

Hospitalini alitiwa dawa hiyo mshipani, mchana na usiku. Mbale alifika majuma matatu baadaye, jino likiwa limekwisha kung'olewa.