Mlango Unafungwa Saa Tano Usiku

Tulikuwa mafrateri sita, na fedha tulizokwenda nazo Roma hazikuwa zetu. Jumuiya zilichangia, wengine shilingi elfu moja moja, na Jumapili moja baada ya Misa mama mmoja alileta kuku akanadiwa mara tatu, kila mnunuzi akimrudisha mnadani. Kwa hiyo tulipoanza kutafuta pa kulala kwa ajili ya Jubilei ya Waseminari, Juni 23 na 24, 2025, kila picha ya hoteli ilitukumbusha yule kuku.

Mitaa ya Borgo na Prati, jirani na Basilika ya Mt. Petro, tuliipenda mara moja. Chumba kimoja kilionyesha kuba la basilika dirishani. Bei yake tuliisoma kimyakimya. Palikuwa pia na nyumba ya masista karibu na Termini, kituo kikuu cha treni: vitanda vya chuma, bafu la pamoja, na mlango unaofungwa saa tano usiku. Hiyo tuliikataa, na tuseme ukweli, si kwa sababu ya bei. Miaka yote tumeishi kwa kengele: ya kuamka, ya sala, ya chakula, ya kulala. Mmoja wetu akauliza, tusafiri mpaka Ulaya tukafungiwe mlango tena? Tukacheka, tukaafikiana.

Tukachagua nyumba ya kupanga pembezoni mwa jiji, ya bei nafuu kuliko zote. Tangazo lilisema dakika 20 kutoka Vatikani. Ni kweli, kwa gari. Sisi tulikuwa watu wa basi, na basi lilikuja lilipopenda. Tukadaiwa pia kodi ya jiji, ambayo kila mgeni hulipa kwa kila usiku anaolala, nasi hatukuwa tumeihesabu.

Jioni ya pili tulikwenda Trastevere, ng'ambo ya mto Tiber, kusali na Jumuiya ya Mtakatifu Egidio. Baada ya sala tulikaa uwanjani tukizungumza, huru kabisa, hakuna kengele. Tulipokumbuka basi, letu la mwisho lilikuwa limeondoka. Tukaanza kutembea. Barabara za mji wa kale zimetandazwa vijiwe vyeusi vya mraba. Vinapendeza kwenye picha na vinaumiza nyayo. Mwenzetu mwenye goti bovu hakulalamika. Alikaa tu ukingoni mwa barabara, akavua viatu, na soksi moja ilikuwa na damu. Yeye peke yake ndiye aliyeitetea nyumba ya masista tangu mwanzo, akanyamaza tulipomcheka.

Fedha ya kuku iliishia kwenye teksi mbili.

Asubuhi tulibisha hodi kwa masista. Sista wa mlangoni, mzee, alitazama miguu ya mwenzetu kabla ya pasipoti zetu, akaleta beseni la maji ya moto yenye chumvi. Baadaye tulisoma kwamba mwaka 1548 Mt. Filipo Neri alianzisha udugu ambao katika Jubilei ya 1550 uliwapokea mahujaji wa Roma, ukawalisha, ukawapa pa kulala na kuwaosha miguu. Sista hakutaja historia yoyote. Alitaja saa tano.

Kuanzia hapo Roma ikawa ndogo. Termini ndipo njia A na B za treni za chini ya ardhi zinapokutana: A ilitupeleka Laterano na Vatikani, B kwa Mt. Paulo Nje ya Kuta. Kwa miguu tulifika Basilika ya Bikira Maria Mkuu kabla foleni haijarefuka, tukasali penye kaburi la Baba Mtakatifu Fransisko. Tukateremka kidogo mpaka kanisa la Santa Maria ai Monti, alikozikwa Mt. Benedikto Yosefu Labre, hujaji maskini aliyefariki mwaka 1783. Alitamani utawa, monasteri zikamkatalia. Roma alilala kwenye magofu ya Koloseo. Hapo tulikaa kuliko mahali pengine popote. Asubuhi ileile tulikuwa tumenung'unikia bafu la pamoja.

Atakayekwenda asianze na umbali wa kuba. Aulize kituo cha treni kiko hatua ngapi, kodi ya jiji imehesabiwa au la, na usiku nani atamfungulia.

Tuliporudi tulikwenda kumsalimu yule mama wa kuku. Habari za kuba hakuziulizia. "Mlilala wapi, wanangu?" Tulimweleza yote, pamoja na usiku wa teksi, maana fedha ilikuwa yake. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na huyo mwenzenu, mlimwomba radhi?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumembebea begi njia nzima ya kurudi. Radhi hatukuwa tumeomba.