Maji Bado Matamu Ngara

Chini ya daraja la Rusumo maji yanapita kwa kishindo, mazito kwa udongo mwekundu. Hatua chache juu ya hapa mto Ruvubu, unaotoka Burundi na kuikata Ngara, umekwisha kuingia mto Kagera. Nchi tatu zimejenga mtambo wa umeme wa megawati 80 papo hapo. Mimi nimefuata maji yanayotoka mashambani.

Bondeni, chini ya migomba, mzee mmoja anazibua mfereji kwa jembe. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Maharage yake yamepandwa juu ya matuta; mfereji ukiziba, anasema, mizizi inaoza. Maji yaliyoacha shamba lake yanateremka kwa jirani, na huko kijana anayachota kwa ndoo kumwagilia kabichi. Nayaonja: tope, hakuna chumvi. Mvua ya kila msimu inaosha ardhi hii, na mto unachukua.

Ndiyo maana nawaza Misri nikiwa Ngara. Kagera unaingia Ziwa Viktoria, na ziwa linautoa Nile. Kila mto hubeba chumvi kidogo. Mmea hunywa maji ukaiacha, jua nalo hukausha maji likaiacha. Kadiri maji yanavyopita shamba hadi shamba ndivyo yanavyokolea. Huko mwisho, Misri, mtambo wa Bahr El-Baqar, ulioanza 2021, unaweza kusafisha kwa siku mita za ujazo milioni 5.6 za maji yaliyokwisha kutumika, mengi yakiwa ya mifereji ya mashamba, yapelekwe Sinai. Tena mtambo huo unatoa uchafu na vijidudu tu; makali ya chumvi hupunguzwa kwa kuchanganya na maji ya Nile. Kuiondoa chumvi yenyewe ni kazi nyingine: maji husukumwa kwa nguvu kubwa yapenye kwenye utando mwembamba, na yanayobaki nyuma, machungu kupita kiasi, lazima yatafutiwe pa kumwagwa. Marekani ilimaliza mtambo wa namna hiyo Yuma, Arizona, mwaka 1992, kwa ajili ya maji ya mashamba. Umefanya kazi vipindi vifupi tu, na gharama yake ni kubwa.

Nikifika Biharamulo nchi inatulia, vilima vinapungua, na kuelekea Ziwa Burigi nyasi ni kavu zaidi. Kwenye jaruba moja la mpunga naona mahali maji yanapoingilia, pamefyekwa vizuri. Nazunguka tuta lote nikitafuta yanapotokea. Hakuna. Yamesimama, jua linayanywa.

Jaruba moja halidhuru. Lakini tambarare za chini ya Moshi, nchini humuhumu, zina mashamba ya umwagiliaji yaliyoingia chumvi, na wakulima wake wanajua mavuno yanavyoshuka. Skimu mpya ya umwagiliaji ikija Biharamulo, wanakijiji waulize kwanza mfereji wa kutolea maji utapita wapi na nani atauzibua, na wasikubali uachwe kwa awamu ya pili.