Kitenge kilichofunika miguu

Wengi mnanijua kwa masomo, mimi ndimi mwalimu wa kalasi ya pili. Kwa miezi saba mlikuwa mnaniona na mtoto mgongoni, amefunikwa mpaka vidole, hata katika jua la mwezi wa kumi ambalo hapa Kambove linachoma mpaka mbwa wanatafuta kivuli. Wengine mliniuliza: "Mwalimu, mtoto hasikii joto?" Nilijibu kwamba ana homa. Hakuwa na homa.

Binti yangu alizaliwa na miguu yote miwili imepinda kwa ndani, nyayo zinatazamana. Kule materniti mzalishaji alimfunga haraka katika kitenge, akanipa, hakusema neno. Mama mkwe alipokuja alimfunua, akamfunika tena, akatoka nje. Jioni alianza kuniuliza: nilipokuwa na mimba nilikula nini? Nilimcheka kilema gani barabarani? Katika ukoo wetu nani anajua mambo ya usiku?

Mimi nina diploma ya ISP. Nimefundisha watoto wa watu kwamba ugonjwa una sababu, na kwamba tusiseme ulozi kila mara kuku akifa. Lakini usiku, taa ikizimwa, nilihesabu dhambi zangu. Nilipata moja. Mimba ya mtoto wetu wa kwanza ilitangulia ndoa, mahari ilikuwa bado. Nikasema: ni hiyo. Sikujiuliza kwa nini basi yule wa kwanza, mwenye mimba yenyewe, alizaliwa na miguu mizuri na anakimbia kama sungura. Haya haijui hesabu.

Nilipelekwa katika chumba kimoja cha maombi. Niliambiwa nifunge siku tatu, halafu nikiri mbele ya watu wote. Nilifunga, nikiwa ninanyonyesha. Nilikiri. Miguu ya mtoto ilibaki vile ilivyokuwa, na sasa mtaa mzima ulijua habari ya mimba yangu.

Tangu pale sikumfungua mbele ya mtu. Ubatizo niliahirisha. Kumpima uzito niliacha, maana kwenye mizani wanavua mtoto nguo zote. Nilimwogesha mlango umefungwa.

Kilichonitoa ni siku ya tatu moja, katika mkutano wetu wa wamama wa kanisa. Mama mmoja mzee, mjane, ambaye macho yake hayasomi tena herufi ndogo, alinipa Biblia yake. "Mwalimu, tusomee Yoane, kichwa cha tisa." Hadithi ya kipofu. Nilikuwa ninaijua tangu shule ya siku ya Mungu: matope, macho, kisima cha Siloamu. Nilisoma mbio, kama mtu anayesoma orodha ya majina ya wanafunzi.

"Rudia. Ule mstari wa pili na wa tatu. Taratibu."

Nilirudia. Wanafunzi wanamwuliza Yesu nani aliyetenda dhambi hata mtu huyu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake. Wamama, mmekwisha kuona kwamba wanaulizana hayo mbele ya mtu mwenyewe? Kipofu si kiziwi. Alikuwa ameketi pale, anasikia watu wakitafuta kosa lake na la mama yake, kama vile sisi tunavyofanya kwenye bomba la maji. Na Yesu anajibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Sauti yangu ilikatika hapo. Miaka yote nilikuwa ninaruka jibu hilo ili nifike upesi kwenye muujiza.

Yule mzee hakuhubiri. Alinyoosha mikono, akasema: "Niletee mjukuu wangu." Alimweka juu ya magoti, akafungua kitenge, mbele ya wamama wote, akaomba mafuta. Akapaka miguu ile polepole, kidole kwa kidole, huku akizungumza na wengine habari ya bei ya unga. Mtoto alicheka. Mimi nililia hata nikatoka nje, lakini haikuwa kama kulia kwa usiku.

Kumbe mama mwingine pale pale alikuwa na mtoto wa dada yake aliyetibiwa miguu ya namna hii Lubumbashi. Alikuwa nasi miezi yote. Kama ningemfungua mtoto siku ya kwanza, angeniambia siku ya kwanza.

Lubumbashi ni zaidi ya kilometa 100 kutoka hapa. Kikundi kilinipa zamu yangu ya likelemba mbele ya wengine ili nipate pesa ya teksi, na mkubwa wa masomo aliniruhusu kila siku ya tano. Dokta alitueleza njia iliyoanzishwa na daktari Ignacio Ponseti, aliyekuwa akifanya kazi Iowa, Marekani. Mguu unasukumwa kidogo kwa mikono, unafungwa plasta. Baada ya juma plasta inatolewa, unasukumwa tena kidogo, inafungwa nyingine. Mwishoni mshipa wa kisigino unakatwa padogo. Halafu mtoto anavaa viatu viwili vilivyounganishwa na chuma, kwanza mchana na usiku kwa miezi mitatu, kisha usiku tu mpaka miaka kama mine. Dokta alisema miguu hii inaonekana kwa mtoto mmoja hivi katika kila 1000, na kwamba ingekuwa rahisi zaidi kama tungekuja katika majuma ya kwanza, mifupa ikiwa laini. Hakunigombeza. Lakini nilifanya hesabu ya miezi saba, na ile ndiyo dhambi niliyoikiri kweli mbele ya Mungu, bila kulazimishwa na mtu.

Sasa niseme jambo ambalo nimelifikiria sana kabla ya kuliandika. Nimepata ruhusa ya baba wa watoto.

Baba wa watoto ni krezeri. Kwa miaka mitatu alichimba na kuosha mawe mtoni. Mwalimu mwenzangu alinipa habari ya uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 katika The Lancet Planetary Health, gazeti la waganga. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema cha kuonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kilema. Baba kufanya kazi ya migodi kulionekana zaidi upande wa wenye kilema. Hawakusema kwamba kila kilema kinatoka migodini, na hakuna anayeweza kuniambia kilichopinda miguu ya binti yangu. Lakini mimi nilisoma nilichotaka kusoma. Nikasema: aa, kumbe ni yeye!

Siku mbili nilimpa bukari na sombe bila kusema naye. Siku ya tatu nilimweleza yote, pamoja na jina la mama yake, na maswali yake yote yaliyoniua. Alinisikiliza. Akatazama mikono yake, akasema: "Basi ni mimi." Na juu ya uso wake niliona kitu ninachokijua vizuri. Ilikuwa haya yangu mwenyewe, ile iliyokaa nyumbani kwangu miezi saba. Nilikuwa nimeitoa mgongoni kwangu na kumbebesha yeye, kama vile mama yake alivyonibebesha mimi.

Nilichukua Biblia. Nilimsomea mistari ile ile miwili, taratibu. Wazazi ni wawili, na Yesu aliwataja wote.

Hajaacha karieri. Tungekula nini? Mshahara wa mwalimu mnaujua. Lakini nguo za kazi zinabaki nje ya nyumba, anaoga kabla ya kumshika mtoto, na nguo zile hazioshwi tena katika beseni moja na nguo za watoto. Mama mkwe bado hajaniomba msamaha, na sidhani ataniomba. Ila usiku akilala kwetu, yeye ndiye anayefunga viatu vya chuma, na anafunga vizuri kuliko mimi.

Kama kati yenu kuna mwenye mtoto aliyefunikwa, anikute kwa masomo saa sita, wanafunzi wakitoka. Nitamwonyesha njia ya kwenda kwa dokta. Asingoje miezi saba.

Binti yangu ana miaka mitatu na nusu. Siku ya Mungu iliyopita, wakati wa matoleo, alinitoroka, akapita katikati ya kanisa mpaka mbele na noti yake ya franka, miguu mitupu. Viatu vyake nilikuwa navyo mimi mkononi.