Mita ya Pikipiki ya Marehemu Baba



Ndugu wasomaji, wale mliopata kuishi Buyenzi hapa Bujumbura mnajua kwamba mtoto wa kwetu hulala na kuamka kwa milio ya nyundo za mafundi, hivyo kelele hazitutishi. Lakini kelele ya pikipiki ya marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, ilikuwa ya aina yake. Ikifika kilomita 30 kwa saa huanza kulia kama panya aliyebanwa na mlango. Ikifika 50, watu wa njiani wanageuka.

Ni Yamaha AG100, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya mashamba, zenye stendi mbili, kulia na kushoto, na mnyororo uliofunikwa wote. Baba alipofariki aliacha pikipiki hiyo na deni la mabati katika duka moja la vifaa vya ujenzi. Deni la maiti hulipwa kwanza, ndipo mama apate thumni yake na sisi watoto wanne tugawane kinachobaki. Tukakubaliana tuiuze.

Wateja wawili wa mwanzo waliondoka. Mmoja alisema injini imekwisha, mwingine akataja nusu ya bei. Tukawaapia kwamba ni mita ya spidi tu inayolia, wala si injini, lakini nani atamwamini muuzaji? Tangu Machi 2022 taxi moto zilipokatazwa kuingia katikati ya jiji, wanaotafuta pikipiki kuukuu mjini si wengi, na aliyepo anajua kwamba wewe ndiye mwenye shida.

Hapo tukafanya jambo ambalo leo tunalisimulia kwa aibu. Tulifungua nati ya waya chini ya mita, tukauficha ule waya nyuma ya taa. Kelele ikakoma kabisa, mshale ukalala kwenye sifuri. Mteja wa tatu, mzee mmoja wa Rumonge aliyetaka kitu cha kumfikisha kwenye michikichi yake, alipouliza tukamwambia mita imekufa zamani. Akaipenda, akasema atarudi wiki ya tatu na fedha.

Mama alikuwa dirishani. Mzee alipoondoka akatuita ndani. "Imekufa, au mmeiua?" Hatukujibu. "Basi deni la baba yenu ndiyo mnataka kulilipa hivyo?" Akaendelea kuchambua mchele wake.

Kesho yake tukaenda kwa fundi wa mtaa wa pili, mtu mzima aliyewahi kufanya kazi na baba. Hakuchukua hata senti. Alitukalisha chini akatufundisha, na tunayaandika hapa kwa sababu wengi wenu mna pikipiki za zamani nyumbani.

Kwanza, tafuta kelele inatoka wapi. Weka kreti la soda chini ya injini ili gurudumu la mbele liwe hewani, fungua waya kwenye mita, kisha zungusha gurudumu kwa nguvu. Kelele ikiendelea, iko kwenye waya au kwenye gia ndogo ya pale katikati ya gurudumu. Ikikoma, huenda ni mita yenyewe, au ni waya unaolia ukibeba mzigo wa mita. Yetu ilikuwa na yote mawili, kama mgonjwa wa malaria aliyevunjika na mguu.

Waya wa ndani ulikuwa mkavu na wenye kutu. Tuliuvuta nje ya ganda lake, tukauosha kwa mafuta ya taa, kisha tukaubingirisha juu ya meza. Ukibingirika vizuri ni mzima. Ukirukaruka umepinda, na huo ndio unaofanya mshale ucheze, basi nunua mwingine. Wetu ulibingirika. Tukaupaka grisi nyepesi, lakini si wote. Sehemu ya juu, kama urefu wa kiganja, inaachwa kavu. Sisi tulitaka kupaka mpaka mwisho tukidhani grisi nyingi ndiyo afya, akatuzuia mkono.

Sababu yake ni hii. Ndani ya mita ule waya huzungusha sumaku, na sumaku hiyo haishikani na mshale. Imezungukwa na kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku ikizunguka huzusha umeme mdogo ndani ya kikombe, nacho kikavutwa kuifuata, huku springi nyembamba kama unywele ikikizuia. Kadiri spidi inavyozidi ndivyo kinavyovutwa zaidi, na mshale unapanda. Mjerumani Otto Schulze alisajili uvumbuzi huo mwaka 1902. Grisi ikipanda na kuingia katikati ya sumaku na kikombe, vinashikana, na mshale utasema 80 nawe uko 40. Kwa hiyo mita yenyewe hupewa tone moja tu la mafuta ya cherehani, pale ekseli yake inapoingilia, ikiwa imegeuzwa juu chini, kisha inaachwa usiku mzima.

Namba za kilomita ni jambo jingine. Hizo huendeshwa na gia, sumaku haihusiki, kwa hiyo mshale unaweza kudanganya na namba zikabaki sahihi.

Tulipokuwa tunafuta kioo tukazitazama: 14306. Na hapo sote tukanyamaza, kwani tulikumbuka siku baba aliposimamisha pikipiki kando ya ziwa, akatushusha tuone tarakimu zote tano zikirudi sifuri. Alifurahi kama mtoto. Mzee wa Rumonge alikuwa ameziona hizo 14306, na alikuwa amezisifu.

Aliporudi tulimwambia yote: waya tuliouficha, kilomita 60 hivi tulizotembea bila kuhesabiwa, na laki moja nzima isiyoonekana kwenye kioo. Injini, tukasema, ilishafunguliwa mara mbili. Akatuangalia mmoja mmoja. Akaomba aijaribu tena, akaenda mpaka mwisho wa mtaa na kurudi. Kisha akakata faranga 150,000 kwenye bei tuliyokubaliana, akahesabu zilizobaki mbele ya mama.

Jioni ile tulisimama barabarani kumwangalia akiondoka. Ulisikika mlio wa injini peke yake.

Mwenye duka tumemlipa, isipokuwa faranga 40,000. Ametupa muda, na tumemwahidi kumaliza kabla ya Ramadhani, inshaallah.