Doa la Tatu

Nimekulia katika nyumba ambayo asali ilipimwa kwa njiti ya kibiriti. Baba alitundika mizinga ya magogo pembezoni mwa msitu wa Nou, upande wa Mbulu, na kila mnunuzi alikuja na kipimo chake. Mmoja alichovya njiti kwenye asali kisha akaiwasha. Mwingine alidondosha tone kwenye glasi ya maji aone kama litazama bila kutawanyika. Mwingine alimwaga kidogo chini akasubiri sisimizi. Vipimo hivyo vinapima nini hasa, hakuna aliyeuliza. Ndivyo vilivyopanga bei, basi.

Leo nafundisha kemia sekondari, na nashuhudia hapa jinsi nilivyoachana na njiti.

Mbulu ni nchi ya baridi. Ikifika Juni na Julai, asali iliyorinwa vizuri, ikachujwa na kutiwa kwenye ndoo safi, huanza kuganda. Mwaka mmoja nikiwa bado mwanafunzi, mnunuzi kutoka mjini alifungua ndoo ya mama, akakuta imeganda kama samli. Akachota kidogo kwa kidole, akasaga punje kati ya meno, akasema, "Mama, hii umeichakachua. Sukari inaonekana kwa macho." Mama alikuwa hajawahi kutia hata kijiko kimoja cha sukari. Bei ilikatwa, naye akaipokea kwa sababu ada zilikuwa zinangoja. Kilichoniuma zaidi kilikuja msimu uliofuata: kabla ya wanunuzi kufika, mama aliinjika asali jikoni, akaichemsha mpaka ikawa maji, ili isimwaibishe tena.

Nilikwenda chuo kikuu na lile neno "umeichakachua". Huko, katika somo la vitendo, ndipo nilipokutana na kromatografia ya tabaka jembamba. Kazi hii ina historia ndefu. Mrusi Mikhail Tswett alitenganisha rangi za majani kwa njia ya mnara wa unga mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1938, kule Kharkiv, Izmailov na Shraiber walitandaza unga huo juu ya kioo. Katika miaka ya 1950 Mjerumani Egon Stahl akaupa utaratibu unaofuatwa mpaka leo, na mwaka 1961 yeye na mwenzake Kaltenbach wakachapisha namna ya kutenganisha sukari kwa njia hiyo. Lakini mimi sikuvutwa na historia. Nilivutwa na jinsi jambo lenyewe lilivyo wazi kwa macho.

Unachukua bamba la kioo lililopakwa silika nyeupe, katika kazi ya sukari silika iliyoloweshwa kwanza kwa asetati ya sodiamu, kwa sababu bila hiyo glukosi na fruktosi hukaribiana mno. Karibu na ukingo wa chini unachora mstari kwa penseli. Ukitumia kalamu ya wino, wino nao utapanda na kuharibu kazi. Asali unaiyeyusha mpaka iwe nyepesi kabisa, kisha kwa kijineli chembamba kama unywele unagusa mstari mara moja. Doa likizidi upana wa kichwa cha njiti ya kibiriti, umeharibu. Kando yake unaweka madoa ya kulinganishia: fruktosi safi, glukosi safi, sukrosi safi ambayo ndiyo sukari ya dukani. Bamba linasimamishwa ndani ya chupa yenye kiyeyushi kidogo chini, mfuniko unafungwa, na kiyeyushi kinaanza kupanda taratibu kwenye silika kikibeba sukari. Kila sukari hupanda kwa kadiri inavyoshikwa na silika na kuvutwa na kiyeyushi. Fruktosi hufika juu, glukosi chini yake kidogo, sukrosi chini zaidi, na maltosi chini ya hiyo.

Ukilitoa bamba huoni kitu. Sukari haina rangi. Unalikausha, unalipulizia dawa ya anilini na difenilamini ndani ya kabati lenye kifyonza hewa, maana ile si dawa ya kuvutwa puani, halafu unaliingiza kwenye oveni yenye joto la sentigredi 105 hivi. Dakika chache tu, na weupe ule unaanza kutoa rangi. Nilisimama mbele ya oveni nikiangalia asali ya mama, niliyoibeba kwenye kichupa cha dawa kutoka nyumbani. Madoa mawili makubwa yalitokea, fruktosi na glukosi. Chini yake kilikuwa kivuli cha maltosi na ndugu zake, ambacho asali halali huwa nacho. Pale ambapo sukrosi ingekaa palikuwa na alama hafifu mno, chini ya doa la kulinganishia la asilimia 5. Hiyo asilimia 5 ndiyo kikomo cha sukrosi katika viwango vya kimataifa vya Codex kwa asali nyingi.

Siku hiyo nilielewa punje za mama. Asali ni maji kidogo yaliyobebeshwa sukari nyingi kupita uwezo wake. Fruktosi huyeyuka vizuri sana kwenye maji, hivyo hubaki majimaji. Glukosi huyeyuka kwa shida zaidi, na baridi ikija huachwa nje, ikawa fuwele. Ni glukosi ya nyuki mwenyewe. Na njiti ya kibiriti? Ikipima chochote, inapima maji. Sukari ya dukani iliyochemshwa mpaka ikawa nzito itafaulu mtihani wa njiti, itazama kwenye glasi, na mwenye nayo ataondoka na bei nzuri kuliko mama.

Ubaya hauishii kwenye bei. Asali ikichemshwa, vimeng'enya vyake huharibika na kemikali iitwayo HMF huongezeka. Codex inaruhusu miligramu 40 tu kwa kilo, na 80 kwa asali ya nchi za joto. Kwa hiyo anayekataa asali kwa kuwa imeganda anamfundisha mkulima mwaminifu kuiharibu.

Tangu nilipoanza kufundisha, nimekuwa nikiomba mabamba machache kwa wenzangu wa maabara kubwa. Asali zinatoka Mbulu, zinatoka Hanang chini ya mlima ule wenye urefu wa mita 3,417. Karibu na Katesh mzee mmoja wa Kibarabaig aliniruhusu kuchukua sampuli za pombe ya asali kila siku ilipokuwa ikichacha. Kwenye bamba, doa la glukosi lilififia kwanza, la fruktosi likabaki nyuma, kwa sababu chachu hupenda kuanza na glukosi. Nilimwonyesha. Akaliangalia kwa muda mrefu, akasema, "Mwalimu, huo utamu unaobaki mwishoni wazee wanaujua. Kumbe una mahali pake."

Nakiri kwamba bamba halikamati kila mwizi. Asali iliyorinwa mbichi, nyuki hawajamaliza kuvunja sukrosi, inaweza kuonyesha doa la tatu, la sukrosi, bila mtu kuhusika, kwa hiyo mimi kwanza huuliza kama masega yalikuwa yamefunikwa au la. Kwa upande mwingine, sharubati iliyokwisha kuvunjwa kiwandani kuwa glukosi na fruktosi hufanana mno na asali. Kwa sharubati hiyo maabara kubwa hupima aina za kaboni, kwa kuwa miwa na mahindi hubeba kaboni-13 kwa kiwango tofauti na maua mengi ya nyuki. Na tatizo si la kwetu peke yetu. Ripoti ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 ilitilia shaka sampuli 147 kati ya 320 za asali iliyoingizwa huko.

Mama haichemshi tena. Anaiuza ikiwa imeganda, na anayetaka kukata bei kwa sababu hiyo anaambiwa akatafute kwingine. Wanunuzi wawili watatu wameanza kuniletea sampuli kabla ya kulipa, jambo ambalo zamani lisingewezekana.

Sasa ninayo asali ya nyuki wadogo wasiouma, niliyopewa na familia ya Kihadzabe upande wa Yaeda Chini. Ni nyepesi, ina uchachu, na kwa njiti ya kibiriti ingeanguka mara moja. Mwaka 2020 watafiti wa Australia walionyesha kwamba asali ya nyuki wasiouma, ya kwao na ya Malaysia, ina sukari iitwayo trehalulosi kwa wingi. Kabatini kwangu sina trehalulosi safi ya kulinganishia. Mpaka niipate, doa lolote litakalotokea mahali nisipolitegemea nitaliandika lilivyo, na sitamwambia mtu kwamba asali ile imechakachuliwa.