Picha ya Bibi Iliyobaki Endamarariek

Kadi ya kamera ilitufia Karatu, jioni tulipotoka Ngorongoro. Tulikuwa tumeondoka Arusha na Noah ya kukodi, tukapita Makuyuni na Mto wa Mbu, tukapanda ukingo wa Bonde la Ufa hadi Rhotia. Kutoka Karatu tukaiacha lami na kwenda kulala siku mbili Endamarariek kwa shangazi, ndipo tukaelekea kreta. Picha zote za safari, tangu Bibi akipepeta mbaazi uani hadi viboko wa kreta, zilikuwa kwenye kadi moja. Kamera ikaandika kwamba kadi haisomeki, je, ifomatiwe? Binamu yangu, akidhani ananisaidia, akabonyeza ndiyo.

Sikulala usiku ule. Viboko wapo, nitawakuta tena. Bibi amezeeka, na mimi huja nyumbani mara moja kwa miaka mitatu.

Naishi Hamburg, na kule nilishawahi kupoteza picha za diski nzima. Niliifunga diski kwenye boksi nikaipeleka posta, nikajaza fomu kwenye intaneti, nikasaini kwamba nakubali masharti. Baada ya wiki mbili nikaletewa makadirio ya gharama: mamia ya euro. Sikumwona aliyeifungua diski yangu wala yeye hakuniona. Picha zilirudi zote, zimepangwa vizuri, na ankara juu yake. Sina la kulalamika, ila sikuwa na wa kumwambia kwamba mtoto aliye kwenye picha ya kwanza ni mwanangu.

Karatu nilielekezwa kibanda kimoja karibu na stendi, kinachouza kava na chaja na kuingiza nyimbo kwenye flashi. Fundi, kijana mpole, aliishika kadi kwa kingo zake kabla hajauliza chochote.

"Umepiga picha nyingine baada ya kufomati?"

"Hapana."

"Basi shukuru Mungu, dada. Usipige hata moja."

Akanieleza huku laptopu ikiwaka. Kadi ikifomatiwa ndani ya kamera, mara nyingi kinachofutwa ni orodha tu, kama kuchana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Picha zenyewe bado zimelala palepale mpaka uandike nyingine juu yake. Nikamkumbusha nyayo za Laetoli, huku huku Ngorongoro, zilizofunikwa na majivu ya volkano miaka zaidi ya milioni 3.6 mpaka timu ya Mary Leakey ilipozifukua mwaka 1978. "Ndiyo hivyo," akasema, "hazikukanyagwa juu."

Alitumia PhotoRec, programu ya bure iliyoandikwa na Mfaransa Christophe Grenier. Haihitaji ile orodha iliyofutwa. Inapita kwenye kadi kipande kwa kipande ikitafuta alama ambazo kila faili la picha huanza nazo. Kinachopatikana huhifadhiwa kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile, la sivyo unazika unachofukua. Majina hayarudi. Kila picha hupewa herufi na tarakimu, na unaanza kupanga upya safari yako kwa kukumbuka.

Alipofungua folda tulikuwa watu wanane kwenye kile kibanda. Mama mmoja aliyekuja kununua chaja akaiona picha moja akasema, "Huyu si dada yake fulani wa Endamarariek?" Akamtaja shangazi yangu kwa jina. Nilifurahi, halafu nikaona haya, kwa sababu picha inayofuata ilikuwa ya shangazi huyohuyo akinawa uso, na yeye hakuwapo kusema aonwe au asionwe. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ningependa ifike hadi pale mezani, walau kwa kuigeuza skrini upande wa ukutani.

Wajerumani suala hili la ridhaa walilianza zamani. Mwaka 1898 wapiga picha wawili walijipenyeza usiku katika nyumba ya kansela wa zamani Bismarck huko Friedrichsruh, si mbali na Hamburg, wakampiga picha akiwa maiti kitandani. Kesi ile ilichangia kuzaliwa kwa sheria ya mwaka 1907 inayotaka ridhaa ya mtu kabla sura yake haijasambazwa. Mpaka leo, nikitaka kuitoa picha ya sherehe ya shule ya mwanangu, swali ni moja: nani amekuruhusu? Endamarariek sijawahi kuulizwa hivyo. Huulizwa, "Na yangu iko wapi?" Nimekaa Ulaya miaka mingi nikiliona swali la kwanza kuwa ndilo la kistaarabu. Safari hii nimeliona la pili kuwa zito zaidi, kwa sababu mimi, mpiga picha, nilikuwa nadaiwa.

Nyingi zilirudi. Ile ya Bibi na ungo ilirudi nusu: kilemba, paji la uso, macho, halafu kijivu kitupu kuanzia kidevuni hadi chini. Fundi alijaribu mara mbili zaidi, akakataa kuongeza bei.

Nikampigia shangazi kumwambia. Akasema subiri, akamwita mwanawe wa darasa la saba. Asubuhi tuliyoondoka kwake, nilipokuwa nawaonyesha picha kwenye kioo cha kamera, yule mtoto alikipiga picha kioo chenyewe kwa simu ya mama yake. Aliona kwamba naondoka nayo. Akanitumia kwa WhatsApp. Ni ndogo, ina mng'ao wa jua pembeni na alama ya kidole changu, lakini mikono ya Bibi ipo, na ungo upo, na mbaazi zimeruka hewani.

Ndugu zangu mnaokuja likizo, msiondoke na picha peke yenu. Karatu mjini wanasafisha picha siku hiyohiyo. Msafishieni kila mliyempiga, mmwachie mkononi kabla gari halijaondoka.