Matroni Alipokuwa Anapita Vitandani

Sisi tulioanza uuguzi mwanzoni mwa miaka ya tisini tulimwogopa matroni kuliko daktari. Asubuhi alikuwa ameshafika wodini kabla yetu, kofia imenyooka, mkanda umembana kiunoni. Zamu ya usiku na ya mchana tulikabidhiana mbele yake, kitanda kwa kitanda. Hakuna aliyethubutu kukabidhi wodi kwa kusoma daftari mezani. Kwenye wodi ya wazazi aliichukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, akafuata kwa kidole mapigo ya moyo wa mtoto, yale yanayoandikwa kila nusu saa. Akikuta pengo, alitaka kujua ulikuwa wapi. Akikuta uchungu umeanza kuvuka mstari wa tahadhari na wewe ulimwita daktari mapema, alitamka hadharani: "Hapa sista ameokoa watu wawili." Ukisifiwa hivyo, mwezi mzima unakuja kazini mapema.

Sisemi kulikuwa na neema. Mshahara haukutosha, glovu tulizifua na kuzichemsha tukazitumia tena, na wapo matroni waliowaliza wanafunzi bila sababu. Ila kazi yako ilikuwa na mtu anayeiona.

OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, ilipoletwa mwaka 2004 nilifurahi kwelikweli, maana iliondoa ile ripoti ya siri aliyoandika mkuu wako bila wewe kuisoma. Sasa mngekaa wawili, mkubaliane malengo, mwisho wa mwaka mjadiliane. Kwetu hatukukaa. Fomu zilijazwa harakaharaka, zikasainiwa kwa mkupuo. Leo mahali pake ipo PEPMIS, kwenye mtandao. Kukaa na mama aliyefiwa na mtoto mpaka ndugu zake wafike, hilo unalijaza kama jukumu gani?

Hata hivyo, fomu hazikumkatisha mtu tamaa. Hata mwaka 2016 upandishaji wa madaraja uliposimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, tulinung'unika lakini tuliendelea kuchapa kazi, kwa sababu mkubwa na mdogo wote tulikwama pamoja. Kinachovunja moyo ni kuachwa peke yako mbele ya watu.

Wananchi wameahidiwa kwamba mama mjamzito anahudumiwa bure. Wana haki ya kuidai ahadi hiyo. Stoo ikiwa tupu, anayetumwa kumwambia mume akanunue glovu ni muuguzi, na yeye ndiye anayefokewa. Siku moja alikuja kiongozi na kamera zake, akamgombeza muuguzi kijana mbele ya wagonjwa kwamba anauza huduma. Binti yule nilimfundisha mwenyewe, na sijapata mwanafunzi mwenye mkono mwepesi kama wake kwa mama mwenye uchungu. Mfawidhi, mkuu wa kituo chetu, alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Barua za kuomba vifaa alikuwa ameziandika kwa mkono wake. Alinyamaza.

Baada ya siku hiyo binti hakuchelewa, hakukosa zamu, patografu zake zilijaa. Aliacha tu kuuliza. Aliacha kubaki dakika chache baada ya zamu kumshika mkono mama wa uzazi wa kwanza, jambo ambalo hakuwahi kuagizwa na mtu. Nilimwomba mfawidhi amwite wazungumze. Akasema ana ripoti ya kupeleka wilayani. Mwaka uliofuata binti aliomba kuhamia chumba cha takwimu. Barua yake ilipitishwa siku hiyohiyo, wala hakuulizwa kwa nini.